Shemeji kang'ang'ania X99, mi naiogopa luku

Da Fundi shikamoo,

Mi ni mpiga picha na video za harusi hapa Tanga, nakaa Chumbageni, chumba na sebule ya kupanga ila mita ya luku ni ya kwangu peke yangu. Kazi zangu zote toka nianze ziko kwenye hadidiski nne za nje, zile ndogo za kuchomeka USB, na moja imeshaanza kulia tik tik ukiichomeka na laptopu haiioni, humo ndani kuna harusi mbili ambazo wenyewe hawajachukua mzigo wao, we acha tu. Nikasema basi, natengeneza seva ya nyumbani, mafaili yote yakae sehemu moja, mchana niyafungue kupitia rauta nikiwa naediti kwenye laptopu, usiku mama watoto na wanangu waangalie muvi na video za familia kwenye TV bila kila mtu kutafuta flashi.

Kizaazaa kimeanzia kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yuko Dar na kompyuta anazijua kuliko mimi, na amekubali kutoa nusu ya hela kwa sababu na yeye anataka kuhifadhi vitu vyake humo. Amepata Kariakoo seti ya mazabodi ya Kichina ya X99, prosesa Xeon E5-2670 v3 na ramu GB 32, vyote laki nne na nusu. Anasema ina kori 12, ramu yake ni ECC kama za seva za mabenki, na kwa bei hiyo nikizubaa wenzangu watabeba. Binamu yangu anayefunga kamera za ulinzi yeye anasema nisimsikilize, nichukue kile kibodi kidogo (yaani mazabodi ndogo, siyo ya kuchapia) cha ASRock chenye prosesa ya N100, kinachotumia chaja ya laptopu. Shemeji kusikia hivyo kacheka sana, kasema hiyo ni prosesa ya chekechea. Halafu kuna mtu hapa mjini anauza Dell OptiPlex 3050 ile nyembamba, imetoka ofisini, laki tatu na bado tunapatana.

Mambo mengine labda yatakusaidia: kwa mwezi natumia kama yuniti 50 hivi na niko kwenye ile tarifu ya chini. Umeme unakatika, wiki nyingine mara mbili wiki nyingine tatu. Mafaili yangu kwa ujumla hayajafika TB 6. Diski nitanunua kwa hela ya harusi nyingine kwa hiyo usizihesabu. Ninalo kasha la kompyuta ya zamani iliyokufa, liko zima.

Nichukue ipi Da Fundi? Na nimwambieje shemeji bila kumuudhi, maana nusu ya hela ni yake.

Mpiga Picha, Chumbageni

* * *

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote, hiyo diski inayolia tik tik usiichomeke tena, hata kwa kuijaribu tu mara moja. Mlio ule mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinahangaika ndani, na kila ukiwasha unaweza kuzidi kukwaruza pale palipoandikwa harusi za watu. Iweke pembeni mpaka upate mtu wa kurudisha data anayeaminika. Haya, turudi kwenye mazabodi.

Nimefurahi umeandika yuniti zako kwa sababu hapo ndo jibu lilipo, hayo ya kori 12 tutayafikia. Seva haizimwi. Laptopu yako unaifunga ukilala lakini hii itakuwa macho saa 24, kwa hiyo cha kuuliza kwanza ni inakula wati ngapi ikiwa imekaa tu haina kazi, maana muda mwingi itakuwa hivyo hivyo imekaa. Ile Xeon ya shemeji imeandikwa wati 120 lakini hiyo ni ikikimbia, ikitulia bodi nzima inaweza kushuka mpaka 60 au 80 hivi, ila haina picha ndani yake, kwa hiyo lazima uongeze kadi ya grafiki hata ya bei chee ili uone kitu kwenye skrini, weka na diski zako na feni, usishangae ikigonga wati 100. Wati 100 kwa saa 24 ni yuniti 2.4 kwa siku, mwezi wa siku 30 ni yuniti 72.

Sasa hapo ndo pabaya kwako. Tarifu uliyoko, D1, ni ya watu ambao wastani wao hauzidi yuniti 75 kwa mwezi, na yuniti moja ukiweka na kodi inakuja kama shilingi 122. Nyumba yako 50, ongeza 72 za X99, unakuwa 122, umeshatoka D1 na unahamishiwa T1 ambako elfu kumi inakupa yuniti 28 tu, yaani kama shilingi 356 kila moja. Na angalia vizuri, siyo zile 72 za seva tu zitakazopanda bei, hata zile 50 zako za taa, feni na TV ulizokuwa unanunua kwa 122 nazo zinapanda. Mwezi mzima unaenda kama 43,500. Chukua kibodi cha N100 na diski mbili kubwa, chenyewe kinatulia kwenye wati 20 hivi jumla, ni yuniti 14 na kidogo kwa mwezi, unabaki 64, uko D1 vile vile, na bili ya nyumba nzima haifiki elfu nane. Tofauti ni zaidi ya elfu 35 kila mwezi. Kwa mwaka inapita laki nne, karibu bei ya hiyo seti yenyewe ya Kariakoo, na mwaka unaofuata tena hivyo hivyo.

Mpelekee shemeji hiyo hesabu, na mpelekee kama hesabu, usimwambie Da Fundi kasema umekosea.

Maana hajakosea kila kitu, tuwe wakweli. Kuhusu ECC yuko sahihi kabisa. Ramu ya ECC inagundua biti ikigeuka na kuirekebisha kabla uchafu haujaandikwa kwenye faili, na zile Xeon za zamani zinakubali ramu za seva ambazo mtumba wake ni rahisi kwa kuwa zinatolewa kwenye vituo vya data kwa wingi na kompyuta za kawaida haziwezi kuzitumia. Kibodi cha N100 hakina hiyo ECC. Ningekuwa na mtu anayetaka kujifunza seva, kufungua mashine pepe kumi ndani ya moja, kuchomeka kadi nyingi, na yuko kwenye nyumba ambayo tayari inalipa T1, ningemwambia chukua X99 ufurahi, hata bei ni nzuri. Ila wewe unatunza video na kuzitazama. Faili lako la harusi likipotea, kwa asilimia kubwa litapotea kwa sababu diski imekufa au umeme umekatika katikati ya kuandika, hivyo vitu viwili ECC haivigusi.

Na hizo kori 12 kwenye kazi yako hazina la kufanya. Kuediti unaediti kwenye laptopu, seva kazi yake ni kukukabidhi faili kupitia waya, na waya wa kawaida wa gigabiti moja unapitisha kama MB 110 kwa sekunde uweke Xeon uweke N100. Video za GB 100 zitachukua robo saa hivi kote kote. Penye tofauti ni kwenye TV. Ukitumia Jellyfin, programu ya kurusha video za seva kwenye TV, na TV ikakataa aina ya video, seva inabidi ibadilishe papo hapo, na N100 ina kitengo cha video ndani ya prosesa kinachofanya hiyo kazi bila jasho, wakati Xeon itaifanya kwa nguvu za kori zake, feni inapiga kelele sebuleni na luku inahesabu. Hiyo ya chekechea kwenye somo hili inampita mwanachuo.

Kingine ambacho huyo muuzaji hatakuambia kuhusu hizi bodi za X99 za bei rahisi: prosesa yake ni ya mwaka 2014, na bodi yenyewe mara nyingi imejengwa mpya kwa chipu zilizong'olewa kwenye bodi nyingine za zamani. Imeandikwa X99 juu ya bati la kupozea lakini ukilifungua unaweza kukuta chipseti (chipu kuu ya bodi) ya kompyuta ya kawaida ya ofisini. Haimaanishi haifanyi kazi, wako wengi wanazitumia. Inamaanisha tu kwamba idadi ya matundu ya SATA (ya kuchomekea diski za ndani) na USB inategemea walipata chipu gani wiki ile, na BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi) ikiwa na tatizo hamna pa kwenda kuchukua mpya. Kwa mashine ya kuchezea sawa. Kwa mashine yenye harusi za watu sipendi.

Sasa diski, hapa tukae kidogo. Huenda ukapata wazo la kuzifungua zile diski za nje tatu zilizobaki uzichomeke kwenye bodi. Angalia kabla hujavunja plastiki, kwa sababu nyingi za zile ndogo za kutembea nazo ukizifungua ndani hamna tundu la SATA kabisa, USB imechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, unakuwa umeua gamba bure. Ziache kama zilivyo, zitakuwa bakapu. Nunua diski mbili za TB 8 za inchi tatu na nusu, zinazofanana ukubwa, uzifunge pacha, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Mafaili yako hayajafika TB 6, unabaki na nafasi. Ukifanya hivyo unahitaji matundu mawili ya SATA tu, na hapo ndo kile kibodi cha binamu, N100DC-ITX, kinapokutosha, kwa sababu kina matundu mawili haswa, na tundu moja la M.2 la kuweka diski ndogo ya mfumo. Ramu ni kipande kimoja cha DDR4, Intel wanasema mwisho GB 16, weka 8 au 16 inatosha kabisa. Kina tundu la kadi pia, kwa hiyo siku ukiishiwa nafasi unachomeka kadi ya SATA. Kwenye kadi hizo tafuta yenye chipu ya ASM1166, inatoa matundu sita. Zipo za bei rahisi zaidi ambazo zinachukua njia moja na kuigawa kwa diski nyingi, ziache, diski zinapotea katikati ya kazi na utamlaumu mchawi.

Utaona pia mtandaoni bodi za N100 za Kichina zenye SATA sita na matundu manne ya mtandao. Siyo mbaya, ila nyingi zinatumia chipu ya JMB585 ambayo inazuia prosesa isilale vizuri kwa hiyo zile wati tunazokimbizana nazo zinapanda tena, na bati la kupozea mara nyingi limefungwa hovyo, inabidi ulifungue upake upya. Wewe hazikuhusu kwa sasa.

Kuhusu chaja, bodi hii inachukua volti 19 kama laptopu, na ndicho kinachonifanya niipende kwa Tanga. Pawa saplai ikifa huku unaanza kutafuta nzuri, unaletewa ile nyepesi kama karatasi, umeme ukicheza inaondoka na bodi. Chaja ya volti 19 haikosekani mjini. Ila diski za inchi tatu na nusu zikianza kuzunguka kila moja inavuta kama ampea mbili za volti 12 kwa sekunde chache, kwa hiyo chukua chaja ya wati 90 ya kweli, siyo ya 45 iliyobandikwa stika ya 90, na hakikisha kichwa chake kinaingia bila kulegea. Ukijua ndani ya mwaka utakuwa na diski nne au tano basi usichukue hii, chukua ndugu yake N100M, ni ile ile lakini kubwa kidogo na inatumia pawa saplai ya kawaida yenye waya za kutosha za diski. Zote mbili zinaingia kwenye kasha lako la zamani kama ni la saizi ya kawaida, matundu ya skrubu yanalingana.

Hiyo OptiPlex siidharau, ningeiweka namba mbili. Imetengenezwa vizuri, haili umeme sana ikitulia, na muuzaji yuko hapo hapo unaijaribu kwa macho yako. Shida yake ni ubishi wa kampuni kubwa: tundu la umeme kwenye bodi ni la kwao wenyewe, siyo lile la pini 24, kwa hiyo pawa saplai ikifa hauweki ya kawaida bila waya wa kugeuza, na bodi haihamii kwenye kasha lako. Na ile nyembamba ina nafasi ya diski moja kubwa tu ndani. Utaanza kufunga diski ya pili kwa kamba. Kama angekuwa anauza ile ya kasha la wima ningekwambia kapatane naye leo.

Ukishapata bodi, kitu cha kwanza kabla hata ya kuweka mfumo ni kuingia BIOS utafute sehemu ya AC Power Loss, uiambie iwake yenyewe umeme ukirudi. Inakuja ikiwa imezimwa kwenye bodi nyingi, na wewe ukiwa harusini Muheza umeme ukakatika ukarudi, watoto wanakupigia simu TV haina muvi. Nunua na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ndogo tu, kwa wati 20 hata ya VA 650 inakupa muda wa kutosha, lakini iwe na tundu la USB la kuongea na kompyuta. Unaweka programu ya NUT, ni ya bure, betri ikikaribia kuisha UPS inaiambia seva ijizime kistaarabu. Hapo ndo unaokoa mafaili kuliko ECC yoyote. Mfumo weka OpenMediaVault, ni Debian (aina ya Linux) ndani yake, chipu ya mtandao ya hii bodi ni Realtek na Debian wanaelewana nayo, hao wanaosema lazima chipu ya mtandao iwe ya Intel wengi wanatumia mifumo mingine, ya FreeBSD.

Na uko karibu na bahari. Usiiweke dirishani wala sakafuni, iweke juu ya kabati sehemu kavu, usiifunike kitambaa cha mapambo (nawajua), na matundu ambayo hutumii yazibe kwa vile vikofia vya mpira kama utavipata, chumvi inaanza kula kwenye matundu ya nyuma kabla ya kitu kingine. Prosesa ya N100 haina feni kwenye hii bodi, inapozwa na bati, kwa hiyo haivuti vumbi sana, lakini weka feni moja polepole mbele ya diski.

Diski pacha siyo bakapu. Mwanao akifuta folda inafutika pande zote mbili kwa sekunde moja. Zile USB zako tatu zipange, kila harusi ikishakamilika nakala moja iende huko na moja ya hizo ikae nyumba nyingine, hata kwa binamu.

Sasa shemeji. Usimpigie simu kumwambia umechagua ya binamu, hapo utakuwa umemshindanisha na mtu na atakasirika kwa haki. Mwambie shemeji, nimekaa na bili ya luku, nyumba yangu ni yuniti 50, hii mashine yako itanitoa D1, na bili nalipa mimi huku Tanga siyo wewe Dar. Halafu mpe kazi anayoiweza na anayoipenda: akutafutie hiyo bodi Kariakoo, ramu, na diski mbili za kweli, maana diski feki zipo na wewe huku huwezi kuzikagua. Na umuahidi folda yake mwenyewe yenye nywila yake. Mtu anayejua kompyuta ukimpa heshima ya kuchagua vifaa hawezi kununa muda mrefu. Na akisema bado anaitaka X99, mwambie ainunue aiweke kwake, mkipata intaneti nzuri nakala yako ya pili inakaa kwake. Sitanii, ni mpango mzuri, anaiwasha mara moja kwa wiki inavuta nakala anaizima.

Akiwa dukani mwambie aulize jina kamili la bodi, kwa sababu N100 ziko nyingi na muuzaji atasema zote ni hiyo hiyo. Asome kwenye bodi yenyewe, siyo kwenye boksi. Aombe iwashwe pale pale na ramu atakayoinunua, aingie BIOS apige picha skrini inayoonyesha jina la bodi na ramu imesomeka yote, achomeke diski kwenye tundu la kwanza halafu la pili aone kama BIOS inaziona, achomeke waya wa mtandao aone taa. Kisha iingie kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, boksi ndani ya boksi, diski apande nazo mkononi yeye mwenyewe au mtu anayekuja Tanga, zisiwekwe kwenye buti la basi chini ya mizigo. Muuzaji akikataa kuiwasha kabla ya kulipwa, maduka yako mengi, aende la jirani.